Kibonde cha Tano

Waliokula walikuwa wanne, lakini sinia ilikuwa na vibonde vitano.

Mwanakheri ndiye aliyeona. Alikuwa ameinama kando ya ziwa la Mkunguni, anataka kuisuuza sinia kabla ya kuitia kapuni, mkono ukasita. Mtu anayekula wali sinia moja na wenzake hula upande wake, na mbele yake hubaki kibonde, kikubwa au kidogo kwa kadiri ya tumbo lake. Cha mumewe Mwidani kilikuwapo, kipana, cha mtu asiyejua haya mbele ya wali wa nazi. Cha mama mkwe kilikuwapo, kidogo na safi, cha bibi mwenye meno matatu. Kilikuwapo chake mwenyewe. Kilikuwapo cha binti yao Mwanatatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Tatu, kimechimbwachimbwa ovyo. Na kando ya hicho cha Tatu, upande ambao hakuketi mtu, palikuwa na kibonde cha tano, kimeshuka mpaka kwenye bati, na punje za ukingoni zilikuwa zimelowa maji.

"Baba Tatu," alisema taratibu, "nani amekula hapa?"

"Mimi," Mwidani alijibu bila kutazama. Alikuwa amelala chali, kofia ya kazi usoni. "Na kama si mimi, ni kima. Suuza twende zetu."

Mwanakheri akasuuza. Vidagaa vya ziwani, ambavyo siku zote hugombania makombo, vilikuja mbio mpaka kwenye zile punje, vikageuka vikaenda zao.

Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vikuu viishe. Msitu wa Mkunguni ulikuwa upande wa Likoni, mwendo wa nusu saa kutoka Mtongwe, na serikali ilikuwa imeuzungushia waya na kusimamisha ubao langoni: asikate mtu mti, asiwinde, asirine asali. Wanyama waachwe wastarehe. Kila Jumapili Wazungu na Wahindi walivuka kwa feri, darubini shingoni, wakaja kutembea na kutazama mbega, hondohondo, kulastara na kenge, na aliyewaongoza alikuwa Mwidani, askari wa msitu, kaptura ya khaki na beji ya shaba kifuani. Alikuwa hodari kwelikweli. Alijua kumsimamisha mgeni mahali, akamnong'oneza, "Hapo, memsabu, ngoja kidogo," na kweli ndege akatokeza kana kwamba walikuwa wameagana.

Lakini fahari yake ilikuwa na mwiba. Watu waliotoka ng'ambo ya bahari walikuwa wamewaona mbega wa Mkunguni, na mwanawe mwenyewe wa miaka saba, aliyezaliwa hapo hapo Mtongwe, hajawaona. Basi akamwendea mkubwa wake, Mzungu ambaye watu walimwita Bwana Misitu, akamwomba ruhusa ya kuitembeza familia yake Jumatano moja. Bwana Misitu akakubali kwa sharti ambalo Mwidani mwenyewe alikuwa akiwasomea wageni kila wiki: ndani ya msitu hakuliwi, chakula huliwa langoni. Mwidani akaitikia "Ndiyo, bwana" kwa moyo mweupe kabisa, na Jumatano akaingia na mkeka, sinia na sufuria ya wali chini ya kanga za mkewe. Lango ni lake, ubao ni wake, nani atamuuliza?

Na ilikuwa siku njema, tuseme ukweli. Tatu alipowaona mbega juu ya mkuyu alishika kichwa kwa mikono miwili. "Baba! Wamevaa koti jeusi, na kanzu juu yake!" Mwidani alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa amewaonyesha mbega watu mia, na hakuna aliyempa furaha ile.

Walipokuwa njiani kurudi, mama yake Mwidani aliuliza, "Mwanangu, yule mzee uliyemkaribisha pale, ni wa nyumba gani?"

Hapo ndipo alipokumbuka. Wakati wanakula, mzee mmoja wa kanzu nyeupe alipita upande wa pili wa ziwa, na Mwidani, tonge mkononi, akamwambia, "Karibu!" Hilo si jambo la kufikiri. Mtu aliyelelewa na wazazi pwani hii hawezi kula mbele ya mpita njia akanyamaza, na mpita njia naye hujibu "Starehe," maana yake asante, endeleeni, kisha kila mmoja akashika lake. Yule mzee hakusema starehe. Alisimama, akawatazama mmoja mmoja, akainamisha kichwa kama mtu aliyekubali. Kisha Tatu akapiga kelele kwa sababu ya ndege kulastara, na Mwidani akasahau.

"Mzee wa Mtongwe tu, mama," alisema. Lakini mgongo ulimpoa juani. Upande wa pili wa ziwa hapakuwa na njia. Palikuwa na tope ambalo kenge mwenyewe huzama hadi tumboni, na ile kanzu ilikuwa kavu, safi, mpaka chini.

Kesho yake mchana Mwanakheri alipakua sima na mchicha, wakala wanne, na kibonde cha tano kilikuwa pale pale, kando ya Tatu. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nyumba ilianza kunuka: harufu ya majani yaliyooza majini na kinyesi cha ndege, harufu ambayo Mwidani aliijua vizuri mno, kwa kuwa kila jioni alikuwa akirudi nayo kutoka kazini, akaoga imtoke. Sasa ilimtangulia nyumbani. Na mkekani, kando ya Tatu, palibaki unyevu wa mviringo, mahali pa mtu aliyeketi na nguo mbichi.

Walipakua chakula katika sahani mbalimbali, kila mtu yake. Kibonde kikahamia sahani ya Tatu, vikawa viwili humo. Walimpeleka Tatu kwa shangazi yake Changamwe akae huko. Siku ya nne shangazi alimrudisha mwenyewe, amemshika mkono mbali na mwili wake, akasema anampenda mtoto lakini hawezi kumlaza tena, na maji ya kunywa aliyoandaliwa akayakataa.

Tatu alikuwa akila. Hilo ndilo lililowatia wazimu. Alikula kuliko baba yake, akaomba tena, akala tena, na huku mifupa ya mabega ikimchomoza chini ya gauni. Dispensari walimpa dawa ya minyoo. Minyoo haikutoka, wala haikuwapo.

"Mwanangu," Mwidani alimuuliza siku moja, amempakata, mwepesi utadhani amepakata nguo zake tu, "hapo kando yako pana nani?"

Tatu alimshangaa. "Si mgeni wako, baba? Yule babu." Akashusha sauti. "Ana adabu. Anakula polepole. Hunisubiri mimi nimeze, ndipo anashiba yeye."

"Na sisi tunasema bismillahi kila siku!" Mwanakheri alilia kutoka mlangoni. "Kila siku, wallahi, naisema kwa sauti!"

"Naye husema, mama," Tatu alijibu. "Husema kabla yenu."

Jioni ile Mwidani aliamua kutazama. Siku zote alikuwa akiinamisha macho walapo, na moyoni alijua kwa nini. Mtu anaweza kuishi na jambo muda mrefu ikiwa hajaliangalia. Mwanakheri aliweka sinia chini ya mwanga wa kibatari, akazungusha birika na bakuli la kunawia, na alipomaliza kwa Tatu birika ikaendelea kuinama mkononi mwake, yeye hataki, ikamimina maji kidogo hewani, na maji yale hayakufika chini. Tatu akajisogeza, akampisha mtu mkekani. Kisha wali ulioko mbele ya pale patupu ukaanza kubonyea, punje kwa punje, ukajikusanya, ukaminywa ukawa tonge lenye alama za vidole vitatu virefu kupita vidole vya binadamu, na tonge likainuka, likapanda taratibu mpaka kimo cha kinywa cha mtu aliyeketi, likakaa hapo likisubiri, na Mwidani akasikia kutafuna, kutafuna kwa mtu mzima asiye na haraka, meno mengi, na kila lilipopungua lile tonge koo la Tatu lilitikisika kumeza kitu ambacho hakuwa nacho kinywani, na mashavu yake, mbele ya macho ya baba yake, kwenye mwanga ule hafifu, yalishuka ndani kidogo, kisha kidogo tena, huku mtoto akitabasamu kwa ajili ya mgeni kama alivyofundishwa.

Mama yake Mwidani alijifunika kanga usoni. Hakuna aliyepiga kelele. Wangempigia nani?

Mwalimu Ishaka wa chuo cha Kurani alikuja akasoma siku tatu mfululizo. Alikuwa mtu mcha Mungu wa kweli, hakutaka hata chai. Alisoma, harufu ikapungua, na Tatu akalala usingizi mzito. Siku ya tatu mwalimu akafunga kitabu chake kabla ya kumaliza, akamwita Mwidani uani.

"Sikufichi," alisema. "Wengine huingia nyumba kwa kuvunja, na aliyevunja nina haki ya kumtoa. Huyu ameketi kitako na kutulia. Ninapomwambia toka, hanijibu mimi. Anakuelekea wewe, anangoja useme. Wewe umemwambia nini, Mwidani?"

Mwidani alimweleza. Mwalimu Ishaka akavaa viatu vyake.

Ndipo Mwidani akaenda kwa Nyevu, bibi mganga wa upande wa Ng'ombeni, ambaye marehemu mumewe alikuwa mrina asali Mkunguni kabla ya waya wa serikali. Nyevu hakupandisha pepo wala hakupiga ngoma. Alimsikiliza huku akichambua kunde, na Mwidani alipofika kwenye neno "karibu," kizee yule akaziacha kunde zikamwagika.

"Ulikula ndani?"

"Ndiyo, mama."

"Ukainua macho, ukamwita?"

"Niliona mtu anapita. Nimefunzwa hivyo."

"Kila mtu amefunzwa hivyo. Mume wangu alipokwenda kurina alikula ameinama, amegeukia shina la mti, na lau babake mzazi angepita asingemkaribisha. Watoto wetu wote tuliwaambia. Kisha mkaja nyinyi na waya, mkatukataza kuingia, na wewe ukapewa ufunguo wa mahali usipopajua." Hakusema kwa hasira. Alisema kwa uchovu. "Mwanangu, huyo si mwizi. Ni mgeni wa halali. Umemkaribisha kwa ulimi wako mbele ya chakula, amekula na wewe, mkeo amemnawisha. Mimi nitamfukuza kwa neno gani?"

Mwidani alipiga magoti. Alikuwa hajawahi kumpigia mtu magoti. "Mtoto anakwisha, mama. Nina mmoja tu. Kabla yake nimezika wawili."

Nyevu alimtazama sana. "Mgeni hatolewi. Mgeni husindikizwa. Mle mchana pamoja naye, kisha uinuke wewe uliyemkaribisha, umuage vizuri, umpeleke mpaka kwake. Usimtangulie sana, usigeuke. Ukifika, naye atakukaribisha kwa chakula. Sema starehe. Mara tatu, starehe, na usitazame alichoandaa. Ukiweza, huenda akakwambia inatosha, rudi."

"Na nikila?"

"Ukila utakuwa wa sinia yake. Na nyumbani kwako wasikutengee tena mahali. Hilo nitakuja kumwambia mkeo mimi mwenyewe."

Siku ya arobaini tangu matembezi yale, Jumapili mchana, walikula wote watano. Mwidani alinawa, akasimama, akauelekea ule mkeka mbichi. "Mgeni wetu," alisema, "tumekaa vyema. Sasa nakusindikiza."

Mkeka ulitoa mlio wa kitu kizito kikinyanyuka. Tatu alipunga mkono. "Kwaheri, babu." Mwanakheri alimshika mwanawe kifuani asithubutu kumtazama mumewe, na Mwidani akatoka bila kumgusa yeyote, kwa sababu aliogopa akimgusa hatatoka.

Nyuma yake njia nzima alisikia nyayo, pwacha, pwacha, kwenye udongo mkavu. Kuku walinyamaza wanapopita. Penye kona ya Mtongwe walikutana na Matano, fundi wa makuti, mtu wa mzaha mwingi, aliyempa Mwidani mkono na salamu zake za kila siku, kisha, kwa adabu tu, akauinua mkono kwa wa pili aliye nyuma, akashikana naye hewani, akasema, "Shikamoo, mzee." Mwidani alimwona akishusha macho akautazama mkono wake, akaupangusa kwenye shuka, akaupangusa tena, na akaondoka bila mzaha.

Langoni, kundi la wageni wa Jumapili, ambao leo hakuwaongoza yeye, lilikuwa likitoka na vikapu. Memsabu mmoja, mpenzi wa ndege, aliinua darubini kumtania askari wake aliyemzoea. Uso ulimbadilika. Akashusha darubini akatazama kwa macho matupu, akaiinua tena, kisha akarudi kinyumenyume mpaka akagonga gari. Mwidani alimpita na kumgusia kofia. Alitamani sana kumuuliza ameona nini, na alishukuru kwamba hakujua lugha ya kumuuliza.

Msitu ulikuwa kimya. Yeye aliyewajua ndege wote wa Mkunguni hakusikia hata mmoja. Alifika ziwani, na pale pale walipotandika mkeka wao palikuwa na jani la mgomba, na juu ya jani wali mweupe unaofuka moshi, na harufu yake ilikuwa ya wali wa Mwanakheri, nazi ya tui la kwanza, hiliki na yote.

"Karibu," ilisema sauti nyuma ya sikio lake. Ilikuwa sauti nzuri, ya mzee wa watu.

"Starehe."

"Karibu, bwana. Nami nina nyumba."

"Starehe."

Akabakiza moja. Alifumba macho, akajaza pumzi, na ile sauti ikasema bila kuudhika hata kidogo, "Siku arobaini nimekula kwako. Usipokula kwangu, wema wako utakuwa haujarudishwa, na mimi si mtu wa kuondoka na wema wa watu. Tutarudi pamoja nyumbani mpaka upate njaa. Au ale mwingine. Mbona mmoja wenu amekwisha kuanza?"

Hapo Mwidani akatazama. Kwenye ukingo wa jani, upande wa kushoto, palikuwa na kibonde kidogo kilichochimbwachimbwa ovyo. Angekijua hata kizani. Alikuwa ameketi kando ya kibonde kile tangu mtoto alipoachishwa ziwa, alikuwa amekisukumia minofu ya samaki bila mama kuona, na sasa kilikuwa hapa, kwenye jani hili, ndani yake wali ungali na alama za vidole vidogo. Akaelewa kwamba mahali penyewe ni pa mtu mmoja tu, na kwamba asipoketi hapo yeye, ataketi mwanawe.

Hakusema starehe ya tatu. Aliketi, akasema "Mwache mwanangu," akachota wali mahali pa kile kibonde, akala mpaka hakikuonekana tena. Alijaribu kusema bismillahi, ulimi ukakataa. Chakula kilikuwa hakina ladha wala uzito, na alipokwisha kumeza tonge la mwisho alikuwa na njaa ambayo hajawahi kuijua tangu azaliwe.

"Inatosha," ilisema sauti. "Rudi."

Rudi! Hakuamini. Alirudi mbio, analia na kucheka, na nyuma yake hapakuwa na nyayo. Hakuzisikia zake pia, ila furaha haikumpa nafasi ya kulifikiria hilo. Alifika magharibi inaingia. "Hodi!" alisema. Mwanakheri alikuwa mlangoni, anatazama njia, anatazama kupitia kifuani pake. "Hodi, mama Tatu! Nimerudi!" Mwanakheri akasubiri mpaka giza, akafunga mlango kwa upole.

Alijaribu kuingia. Kizingiti kile, alichokichonga yeye mwenyewe, kilimrudisha nyuma. Hakukaribishwa.

Siku zikapita. Walikuta beji na kofia yake kando ya ziwa, na Bwana Misitu akaandika kwamba askari wake amezama topeni. Nyevu alikuja kama alivyoahidi, akamwambia Mwanakheri: msimtengee mahali, msimtajie chakula, hata kwa kumlilia. Mwanakheri akatii. Ilimchoma, lakini alitii, na sinia ikawa na vibonde vitatu, vitatu tu, kila siku.

Na Tatu akaanza kunawiri. Mwidani alimwona kutoka uani. Mchana alijitia msituni, akakaa miongoni mwa mbega ambao hawakumkimbia, akawatazama wageni wa Jumapili wakiongozwa na askari mpya; lakini saa ya kula ikifika miguu ilimpeleka nyumbani, ikamsimamisha kwenye mlango ulio wazi, na njaa imemshika, na hapo alikuwa akiangalia mashavu ya mwanawe yanavyojaa siku hadi siku, na kila jioni akajiambia hii ndiyo ya mwisho, kesho sitakuja, kesho nitabaki huko huko. Alikuwa akisema kweli kila alipojiambia hivyo.

Matanga yalikwisha, arobaini ikasomwa, watu wakatawanyika. Jioni iliyofuata Mwanakheri alipakua wali wa nazi kwa mara ya kwanza tangu siku zile. Bibi alinawa. Mwanakheri aliinamia sufuria. Tatu alichota tonge lake la kwanza, akainua macho kuelekea mlangoni, na uso wote ukamchanua. Alikuwa amemwona ampendaye, anapita wakati yeye anakula. Na huyo alikuwa ni mtoto aliyelelewa vizuri.

"Karibu, baba," alisema.

Mwidani alifungua kinywa. Neno alilolisema mara elfu barabarani, vibarazani, kwenye nyumba za watu, lilikuwa moja tu na fupi, na alilitafuta kwa nguvu zake zote. Starehe, mwanangu. Starehe. Midomo ilifunguka ikafumba, na hakuna kilichotoka isipokuwa bismillahi, mapema, kabla yao.

Tatu akajisogeza kumpisha. Mwanakheri akageuka na kijiko mkononi, akaona mkeka ukilowa kando ya mwanawe, akaita jina la mumewe kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

Wali ulikuwa ungali moto. Mwidani aliketi mahali pake pa siku zote, akachota, akangoja mwanawe ameze.